Soko la Noeli Mbele ya Kanisa la Bikira Maria

Katika Dominika hii ya nne ya Majilio twapenda kuwapeleka mbali kidogo, katika mji wa Nürnberg nchini Ujerumani, ambako majuma haya familia nyingi huenda likizo ili kulitazama soko la Noeli. Nasi tulipata kulizuru, tukifuatana na familia moja ya ndugu zetu wa pwani wanaofanya kazi katika nchi hiyo, wazazi wawili na watoto watatu, wote wamejifunika makoti hadi masikioni.

Masoko ya namna hii ni ya kale. Lile la Dresden latajwa tangu mwaka 1434, na hili la Nürnberg lina ushahidi wa maandishi wa mwaka 1628. Majilio yalikuwa majira ya kufunga, na watu walikwenda sokoni kujitafutia chakula cha sikukuu. Waokaji wa Saxony hata siagi hawakuruhusiwa kuitia katika mikate yao ya Noeli, mpaka Baba Mtakatifu Inosenti wa Nane alipowapa ruhusa mwaka 1491. Sisi tunaonung'unika tukiombwa kuacha soda kwa majuma manne tunalo la kufikiri hapo.

Siku hizi vibanda vya mbao husimama safu safu, vimeezekwa turubai zenye mistari myekundu na myeupe. Huuzwa humo mikate ya asali na viungo, soseji ndogo za kuchoma, tatu katika mkate mmoja, na divai iliyopashwa moto pamoja na mdalasini na karafuu. Watoto wale walipoisikia harufu hiyo walisema, “Hapa pananukia kama kwa bibi.” Na hali siku za kale karafuu ilifika Nürnberg kutoka visiwa vya Maluku, maana Unguja na Pemba zilikuwa bado hazijapandwa mikarafuu.

Huuzwa pia sanamu za pango la Noeli, moja moja, ili familia iongeze sanamu mwaka hata mwaka kwa kadiri ya mfuko wake. Binti mdogo akauliza kwa nini Mtoto Yesu anauzwa peke yake, mbali na mama yake. Mama akamjibu kwamba ndivyo biashara ilivyo. Mtoto aliridhika. Sisi tuliokuwa tumesoma habari za uwanja ule hatukuweza kuridhika upesi hivyo.

Kwa maana hapo soko linaposimama palikuwa mtaa wa Wayahudi. Mwaka 1349 Mfalme Karoli wa Nne aliuruhusu mji kuzibomoa nyumba zao ili upatikane uwanja wa soko, na mwezi wa Desemba mwaka huo Wayahudi wasiopungua 562 waliuawa. Mahali pa sinagogi lao pakajengwa Kanisa la Bikira Maria, ambalo katika roshani yake soko hufunguliwa rasmi kila mwaka. Tuseme waziwazi: waliotenda hayo walikuwa wabatizwa, na waliouawa walikuwa watu wa taifa la Maria mwenyewe. Walimtukuza mama kwa mawe huku wakiwaangamiza jamaa zake. Hapo ndipo Mtoto alipotengwa na mama yake, karne nyingi kabla ya mchuuzi wa sanamu.

Wala dhambi hiyo haikuishia zamani. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulilirudisha soko katika uwanja huo kwa shangwe kubwa. Mwaka 1935, katika mji uo huo, zikatangazwa sheria za kuwanyima Wayahudi uraia. Mabomu ya tarehe 2 Januari 1945 yaliuteketeza mji wa kale, na soko likaanza tena kati ya magofu mwaka 1948.

Tangu mwaka 1969 vijana wa kike wa mji huo huchaguliwa, mmoja kila baada ya miaka miwili, kuwa Mtoto wa Noeli. Huyo hulifungua soko akiwa na taji la dhahabu, kisha huwatembelea wagonjwa na wazee. Mwaka 2019 alichaguliwa binti ambaye baba yake ana asili ya India. Tawi moja la chama cha siasa likaandika maneno ya kumdhihaki. Watu wengi wa mji wakasimama upande wake, naye akalifungua soko.

Basi ninyi wazazi na makatekista, mnapolipanga pango pamoja na watoto, waambieni kwamba Yesu, Maria na Yosefu ni Wayahudi. Waambieni pia kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitufundisha kutowatwika Wayahudi wote hatia ya kifo cha Bwana, na ukasikitikia chuki zote dhidi yao. Watoto huelewa mambo haya mapema kuliko tunavyodhani, hasa wale ambao wao wenyewe wamewahi kuitwa wageni.

Katika Misa ya leo tuwaombee wale 562 wa Nürnberg. Tuwaombee na wale waliouawa kwa magari katika masoko ya Noeli, huko Berlin tarehe 19 Desemba 2016 na Magdeburg tarehe 20 Desemba 2024, pamoja na jamaa zao ambao kwao harufu ya mdalasini ni uchungu.