Jina Nyuma ya Plasta

Somo: Yeremia 22:13-17

Asubuhi ya leo nataka tuingie pamoja katika nyumba moja ya zamani huko Marekani, ambayo nilipata nafasi ya kuizuru nilipokuwa mgeni kule.

Nyumba hiyo iko katika mji wa Wilmington, jimbo la North Carolina, nayo yaitwa Bellamy Mansion. Ilijengwa tangu mwaka 1859 hata 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikikaribia. Mwenye nyumba alikuwa daktari tajiri, John Bellamy, mtu wa mashamba na watumwa wengi. Ina vyumba 22, na mbele yake zimesimama nguzo ndefu nyeupe. Mwaka 1972 watu waliitia moto kwa makusudi, ikaharibika sana. Lakini wako waliokataa ianguke. Wengine walitoa fedha, wengine wakatoa nguvu zao, na mwaka 1994 ikafunguliwa kwa wageni.

Aliyetuongoza alikuwa mama mzee wa kujitolea. Halipwi hata senti moja. Alitupandisha ngazi, akatuonyesha mapambo ya plasta yaliyozunguka dari, maridadi mno. Kisha akatupeleka nyuma ya nyumba, kwenye jengo la matofali la ghorofa mbili. Hapo ndipo walipolala watumwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba nyumba ile kubwa ilijengwa na mafundi Waafrika, baadhi yao watu huru, na wengi watumwa.

Akatueleza habari za mmoja wao. Nyumba ilipokuwa ikitengenezwa upya, katika kipande cha plasta, upande wa nyuma usioonekana, zilikutwa herufi tatu: W.B.G. Zilikuwa herufi za William B. Gould, mtumwa aliyezaliwa Wilmington mwaka 1837, fundi wa plasta. Alijua kusoma na kuandika, ingawa sheria ya jimbo ilikataza watumwa wasifundishwe.

Usiku wa tarehe 21 Septemba, 1862, Gould na wenzake saba waliingia katika mashua, wakateremka mto Cape Fear mpaka baharini. Huko walichukuliwa na meli ya vita ya serikali iliyokuwa ikipigana na majimbo ya watumwa. Gould akawa baharia. Baada ya vita alikaa Dedham, jimbo la Massachusetts, akafanya kazi yake ya plasta kama mtu huru. Alikuwa mmoja wa waliosaidia kulianzisha Kanisa la Mchungaji Mwema, kanisa la ushirika wetu wa Kianglikana. Tena, alipopewa kazi katika kanisa la Wakatoliki mjini humo, watu wake walikosea kuchanganya plasta. Hakuna ambaye angeligundua. Lakini Gould aliibandua yote, akaipiga upya kwa gharama yake mwenyewe, hata akakaribia kufilisika. Alifariki mwaka 1923.

Ndugu zangu, katika nyumba ile niliona kazi mbili zisizolipwa. Yule mama alijitolea, na kazi yake ni sadaka. Gould hakujitolea, ujira wa mikono yake ulikwenda kwa bwana wake. Ukitazama kwa mbali, zote mbili ni kazi bila mshahara. Mbele za Mungu ziko mbali kama mashariki na magharibi. Nabii Yeremia alimkemea mfalme Yehoyakimu kwa jambo hili hili: alijijengea jumba lenye vyumba vipana na mbao za mierezi, huku akiwatumikisha watu bila kuwalipa. Nabii akamkumbusha baba yake, Yosia, aliyewatendea haki maskini, akasema huko ndiko kumjua Mungu.

Labda unasema, "Pasta, mimi sina watumwa." Hata mimi nilisema hivyo. Lakini niliporudi nyumbani nilimkumbuka fundi aliyenipigia plasta chumba cha wageni. Nilikuwa nimembakizia deni, na kila alipokuja kudai nilimwambia, "Vumilia, ndugu. Unamfanyia mtumishi wa Bwana, Mungu atakubariki." Nilitaka kumpigia simu, nikaona nimemwandika "Fundi" tu. Jina lake sikulijua.

Alipokuja nilimpa fedha zake zote, nikamwomba msamaha. Akazihesabu, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Asante, Pasta. Mtoto wangu yuko nyumbani wiki ya tatu sasa, amefukuzwa kwa sababu ya karo."

Wapendwa, sisi wa kanisani tunalipenda sana neno "kujitolea," na ni neno jema. Lakini mwenye jasho peke yake ndiye awezaye kulitoa sadaka. Wewe huwezi kumtolea Mungu sadaka ya jasho la mwenzako. Msichana anayekulelea watoto, je, amelipwa mwezi uliopita? Mlinzi wa kanisa je? Na yule aliyekulimia shamba? Mtume Yakobo aonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake kimefika masikioni mwa Bwana. Plasta haiwezi kukifunika.

Kabla jua halijatua leo, mtafute mtu huyo. Mwite kwa jina lake, umpe kilicho chake.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyefanya kazi kwa mikono katika karakana ya Nazareti, utusamehe tuliokula jasho la wengine. Uwakumbuke wote wanaongoja malipo yao asubuhi hii, na utupe sisi moyo wa kuwalipa leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.