Miguu ya Ghala: Namna ya Kutengeneza Nguzo Zilizooza

Leo sitasema juu ya mbegu wala mistari ya kupanda. Nataka kusema nanyi juu ya ghala zetu za kale, zile baba zetu walizozijenga juu ya nguzo, na hasa juu ya miguu yake.

Mtu akiona ghala yake imeinama, husema: "Imezeeka." Mwingine husema jirani ameitupia jicho. Mimi nasema: chukua kisu, piga magoti, utazame chini. Paa likivuja utaliona toka mbali, lakini mguu unaoza pale usipopatazama, pale udongo na hewa vinapokutana. Juu ya shimo nguzo ni ngumu, ndani ya udongo pengine ni ngumu bado, lakini hapo katikati imekuwa kama mkate uliolowa. Choma kisu hapo. Kikiingia upana wa vidole viwili, nguzo ile imekwisha kufa, hata kama inasimama. Kisha igonge kwa mpini wa shoka. Nguzo nzima inalia kwa sauti kavu. Iliyoliwa na mchwa inalia kama ngoma.

Hesabuni pamoja nami. Magunia kumi ya mahindi, kila gunia kilo 100, ni kilo 1.000. Ghala yenye nguzo sita inawapa kila nguzo zaidi ya kilo 160, bila kuhesabu miti na majani ya paa. Nguzo moja ikifa, mzigo wake unawaangukia jirani zake, nao labda ni wagonjwa kama yeye. Ndiyo sababu ghala haianguki polepole. Inakaa miaka mingi imeinama, halafu usiku mmoja wa mvua inalala chini.

Na mvua kubwa zinakuja wakati gani? Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakati mahindi mapya hayajakomaa na unga umepanda bei. Tangu reli ilipofika Élisabethville mwaka 1910, mji unaoitwa leo Lubumbashi, watu wa migodi wamekula unga wa mashamba wasiyoyalima wao. Wakati wa njaa wafanyabiashara wanapanda mpaka kwetu kutafuta magunia. Mwenye ghala iliyosimama anauza. Mwenye ghala iliyoanguka anakwenda kununua unga kwa watu wale wale aliowauzia mwezi wa saba.

Nitawaambia kosa langu, maana si vizuri mwalimu afundishe makosa ya wengine tu. Nilipokuwa nimeoa juzijuzi, niliona ghala ya mkwe wangu imeinama. Nikataka kumwonyesha kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa makaratasi tu. Nikakata miti mibichi, nikafukua nguzo mbili siku moja, za upande mmoja, ghala ikiwa nusu imejaa. Saa tisa ikalala. Mbuzi mmoja alikufa, watu hawakuumia, Mungu asifiwe. Usiku mvua ikanyesha juu ya mahindi. Yakaota ukungu. Mama mkwe hakusema neno, akanipelekea chakula kama kawaida, na chakula kile kilikuwa kigumu kumeza kuliko matusi. Mahindi yale tuliyafukia. Watu wengine walitaka kuyapikia pombe, nikakataa, kwa sababu ukungu wa mahindi una sumu inayoharibu ini, na moto wa chungu hauimalizi. Hata kuku usiwape.

Basi sikieni namna iliyo nzuri. Kazi hii ifanyike mwezi wa tisa, kabla mvua haijaanza, wakati udongo ni mgumu na mahindi yamepungua. Yaliyobaki yatoeni kwa vikapu mpaka nyumbani. Najua ni kazi ya kuchosha, na akina mama ndio watakaoibeba. Wanaume, bebeni nao.

Tengeneza nguzo moja tu kwa siku. Anza na ile mbaya kuliko zote. Karibu nayo, chini ya boriti ile ile, simamisha mti wa panda wenye nguvu, na chini yake uweke jiwe pana au ubao mnene ili usizame. Sasa tia mti mrefu chini ya boriti, mtu mmoja aukandamize polepole, na mwingine apige kabari mbili, moja toka kushoto, moja toka kuume, kati ya panda na boriti. Usiinue zaidi ya unene wa kidole. Ukiinua sana, viungo vya upande mwingine vitafunguka, utakuwa umeponya mguu na kuvunja mgongo. Watoto na mbuzi wawe mbali. Mtu asitie mkono juu ya nguzo kuona kama imeachia, tumia kijiti.

Nguzo ikiachia, itoe, na shimo ulichimbe tena. Toa udongo mweusi wote mpaka ufike kwenye ule mwekundu ulio mgumu, karibu sentimeta 40. Ndani panga mawe mapana.

Je, turudishe mti? Kama una mubanga au mulombwa uliokomaa, mti wa ndani ulio mwekundu, uliokauka, rudisha. Ule mti mweupe wa nje utoe wote kwa shoka, mchwa wanaupenda kama sukari. Lakini karibu na miji mubanga imekwisha kuwa makaa. Kwa hiyo mimi napenda nguzo ya matofali ya kuchoma. Tofali la urefu wa sentimeta 24, upana 12, unene 7: panga manne kwa kuzunguka, na katikati litabaki tundu dogo la kujazwa mawe na udongo. Mistari 16 inatosha kutoka chini ya shimo mpaka juu, karibu sentimeta 90 juu ya ardhi. Ni matofali 64 kwa nguzo moja, na nguzo sita ni 384. Fyatueni 400, kwa kuwa mengine yatavunjika. Watu wanne wakichoma pamoja katika tanuru moja, kuni zinapungua.

Juu ya nguzo, kabla ya kushusha boriti, weka bati. Bati la pipa lililopasuliwa linafaa, lakini osha pipa kwanza, na usichukue lililobeba dawa za mgodi. (Wala usichukue la mgodi usiku. Utakuwa na ghala nzuri, nawe uko kifungoni.) Bati litokeze sentimeta 25 pande zote, na ukingo uinamishwe chini kidogo. Panya akipanda tofali, atafika chini ya bati na kurudi.

Mchwa je? Hapa watu wanakosea. Wanafikiri bati linamwua mchwa au kumfunga njia. Halimfungi. Anaweza kujenga njia yake ya udongo kuzunguka ukingo. Lakini lazima aijenge nje, mbele ya macho yako. Kazi ya bati ni hiyo, kumtoa mwizi gizani. Kila Jumamosi zunguka nguzo zako, ukiona mstari wa udongo uukwangue. Wengine hutia majivu ndani ya shimo. Yanasaidia kidogo, mvua zikija nguvu zake zinakwisha. Wengine hupaka mafuta machafu ya motokari. Mafuta hayo yana sumu, msiyaweke karibu na chakula wala kisima.

Kwa hiyo chini ya ghala pawe wazi. Naona kuni zimepangwa pale, naona kibanda cha kuku, naona baiskeli iliyoegemezwa kwenye nguzo. Kila kimoja ni ngazi ya panya na pazia la mchwa. Mama zetu watasema, kuni zikae wapi mvua ikinyesha? Ni swali la haki. Waume zao wawajengee kibanda kidogo, hatua tano mbali.

Nguzo zikisimama, pima. Chukua chupa iliyonyoka, tia maji, usiijaze kabisa, ifunge na kuilaza juu ya boriti. Hewa iliyo ndani itakimbilia upande ulio juu. Ikikaa katikati, boriti imelala sawa. Ndipo upunguze kabari, moja moja, na kuondoa panda.

Sasa simameni, twende kwa ghala ile iliyo nyuma ya mwembe. Mwenyewe amekubali. Mmoja alete kisu, mwingine chupa.