WAZEE WA LANGONI
Neno lililotolewa katika maadhimisho ya ushirika wetu, Kigoma

  

Nimepewa jambo gumu, la wakimbizi. Na tusifichane, hata ndani ya ushirika huu tumegawanyika. Wako wanaosema mpaka ufunguliwe, hawa ni ndugu. Wengine, hasa sisi tunaokaa karibu na kambi, tunasema ndugu ndiyo, lakini bunduki nazo huvuka pamoja na ndugu.

Someni Yoshua 20. Miji ya makimbilio ilikuwa sita, na Mungu ndiye aliyeiagiza. Mtu akifika mbio hakupita tu. Alisimama langoni, akaeleza habari zake mbele ya wazee, nao wakampokea na kumpa mahali pa kukaa. Kesi yake ilisikilizwa baadaye. Lango lilikuwa wazi, na wazee walikuwepo.

Sasa kumbukeni 1994. Mwishoni mwa Aprili, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Nani angemsikiliza mtu mmoja mmoja? Pale Benako mama asiye na kosa na muuaji walipanga foleni moja ya mahindi. Jean-Baptiste Gatete alikuwepo, aliyewahi kuwa kiongozi wa Murambi. Baadaye mahakama ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Halafu Desemba 1996 serikali yetu ikawarudisha kwa jumla, watoto na wenye damu mikononi. Hapo ndipo ninapoumia. Tusipomuuliza mtu habari zake wakati wa kuingia, tunakuja kuhukumu kundi zima wakati wa kutoka.

Wakuu wetu wa Afrika waliliona hili mapema. Mkataba wa OAU wa 1969 unataka anayekimbia apewe hifadhi, na papo hapo unataka akae mbali na mpaka, asitumie hifadhi hiyo kuivuruga nchi aliyotoka.

Basi, serikali ina kazi yake. Mimi nataka tuseme habari ya barua zetu za utambulisho, watumishi wa Mungu.

Mwaka 2015, Warundi walipofurika, kijana mmoja alinijia. Alijua nyimbo zetu zote! Akaomba barua apate kibali cha kutoka kambini kuja kwenye kongamano la vijana. Niliandika kwamba ni mshirika wetu, namfahamu vizuri. Nilikuwa nimemfahamu kwa siku tatu. Kongamanoni hakufika, wala hakurudi kambini. Mkuu wa kambi aliniita akauliza, "Mchungaji, huyu unamjua?" Sikuwa na jibu. Mwaka ule kwaya ya kambini, watu ninaowajua kwa majina na watoto wao, ilinyimwa vibali kwa sababu ya sahihi yangu.

Siku hizi mtu akinijia, nampigia simu mchungaji wa huko alikotoka. Ninyi wa Bujumbura na Uvira namba zenu ninazo, naomba mpokee hata usiku. Mkisema hamumjui, simfukuzi. Atakula kwangu, atalala, tutaomba naye. Ila barua siandiki mpaka nimjue.