Mbona Mgonjwa wa Operesheni Hanywi Hata Chai?



Tunapozunguka vikundini, kutoka Ogembo hadi Keroka, swali hili hatulikosi. Wengine hudhani ni ukali wa wauguzi, basi humpenyezea mgonjwa uji wa wimbi kwa siri. Leo tuliongee wazi, maana uji huo unaweza kuua.

Mtu akipewa nusu kaputi, mwili wote hulegea, hata kile kilango cha koo kinachozuia chakula kisiingie njia ya hewa. Chakula kikipanda kutoka tumboni, hawezi kukohoa. Kikishuka mapafuni pamoja na asidi ya tumbo, huyachoma. Mwaka 1946 Dkt. Curtis Mendelson wa New York alieleza hatari hii kwa akina mama waliojifungua chini ya dawa ya usingizi.

Sasa basi, mtaalamu wa usingizi huilinda njia ya hewa kwa vifaa. Tulinganishe viwili.

Cha kwanza ni mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni hadi ndani ya koo la hewa. Karibu na ncha una puto dogo linalojazwa upepo ili kuziba pande zote. Cha pili ni barakoa ya koo, aliyoibuni Dkt. Archie Brain huko London mwaka 1981. Hii haiingii ndani. Hukaa juu ya mlango wa koo la hewa.

Fikirini kibuyu cha maziwa. Gunzi lililoingia shingoni hushika kuliko kifuniko kilichowekwa juu tu, si ndiyo? Wataalamu hupima kwa kusukuma hewa mpaka ianze kuvuja, na kipimo ni kimo cha maji. Barakoa ya kwanza huvujisha karibu na sentimita 20. ProSeal, iliyotoka mwaka 2000, hufika karibu 30, tena ina njia ya kutolea maji ya tumbo. Hata hivyo, mpira wenye puto ndio unaolinda mapafu zaidi.

Je, barakoa ni mbaya? Hapana. Huwekwa upesi, haikwaruzi koo sana, na huokoa maisha mpira unaposhindikana kuingia. Lakini kwa kawaida humfaa mwenye tumbo tupu. Ndiyo maana unaulizwa, "Ulikula lini?" Ukidanganya, unamfanya mtaalamu achague kifaa kisichokufaa. Hata mpira hauondoi hatari yote, kwa sababu chakula chaweza kupanda kabla haujaingia.

Kwa operesheni iliyopangwa, kawaida ni hivi:
- Chakula chepesi, uji na chai ya maziwa: acha masaa 6 kabla.
- Nyama na vyakula vya mafuta: masaa 8.
- Maziwa ya mama kwa mtoto: masaa 4.
- Maji matupu: masaa 2.

Hospitali ikikuagiza vingine, fuata agizo lake. Ikiwa ni dharura, kama mama aliyeshindwa kujifungua, msingoje tumbo liwe tupu. Mkimbizeni hospitali na mseme kweli alikula nini na saa ngapi. Wao watajua la kufanya.

Tahadhari kabla ya hatari.

Ya kujadili kikundini: Ni nani huwapelekea wagonjwa chakula hospitalini? Tutamwelezaje jambo hili wiki hii?