Tusome Pamoja Njiani Kwenda Emau

Huenda wewe mama uko jikoni na chungu ki motoni. Huenda wewe baba ndiyo kwanza umeingia kutoka shambani au kazini. Huenda wewe mgonjwa umelala, na redio iko karibu na mto wako. Popote ulipo, karibu tuketi pamoja. Kama una Biblia, ifungue katika Injili ya Luka, sura ya 24, kuanzia mstari wa 13 hadi wa 35. Kama huna, au kama macho hayaoni tena maandishi madogo, usihuzunike. Sikiliza tu, kwa maana wengi katika Wakristo wa kwanza waliipokea Injili kwa masikio.

Jambo tunalotaka kulitazama leo ni kujifunza Neno la Mungu pamoja. Kusoma peke yako chumbani ni kwema, tena ni kwa lazima. Kusikiliza mahubiri siku ya Jumapili nako ni kwema. Lakini leo twasema juu ya watu watano, sita au kumi, walioketi katika nyumba ya mmoja wao, wakasoma fungu moja la Injili, wakaulizana na kujibizana. Vikundi vya namna hii viko katika makanisa yetu mengi. Vingine vina uhai, na vingine vimekwisha kufa ingawa watu wangali wanakutana kila juma. Tofauti iko wapi? Na tumwachie Luka atuonyeshe.

Siku ile ilikuwa siku ya kwanza ya juma, siku yenyewe ya ufufuo. Watu wawili walikuwa wakitoka Yerusalemu kwenda kijiji kiitwacho Emau. Luka ataja umbali wa stadio 60, yaani kama kilomita 11, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa miguu. Mmoja aliitwa Kleopa. Wa pili hakutajwa jina. Hawakuwa katika wale mitume kumi na mmoja. Walikuwa wanafunzi wa kawaida, kama sisi tunaokaa katika viti vya nyuma kanisani.

Tazameni wanaelekea wapi. Wanaondoka. Ndugu zao wako Yerusalemu, nao wameupa mji ule kisogo. Njiani wanazungumza na kuhojiana, na mgeni mmoja anawakaribia na kufuatana nao. Ni Yesu mwenyewe, lakini hawamtambui. Anawauliza wanazungumza nini. Wanasimama, nyuso zimewashuka kwa huzuni. Kleopa anamshangaa: je, huyu ndiye mgeni pekee katika Yerusalemu asiyejua yaliyotukia siku hizi? Naye mgeni anauliza tena: mambo gani?

Ndugu, hapa tusipite haraka. Yesu aliyajua mambo hayo kuliko mtu ye yote duniani, maana alama za misumari zilikuwa katika mikono yake. Angeweza kuwakatiza pale pale na kuwaambia kila kitu. Hakufanya hivyo. Aliuliza, kisha akanyamaza, akawaacha waseme mpaka mwisho. Luka ametoa mistari sita mizima, kutoka wa 19 hadi wa 24, kwa ajili ya maneno yao.

Nao walisema nini? Walisema karibu yote tunayoyakiri sisi. Walimtaja Yesu wa Nazareti, nabii mwenye uwezo katika matendo na maneno. Walitaja jinsi wakuu walivyomtoa ahukumiwe, na jinsi alivyosulibiwa. Walijua ya kuwa ni siku ya tatu, ya kuwa kaburi limeonekana wazi, na ya kuwa malaika wamesema yu hai. Watu hawa ungewapa mtihani wa kipaimara, wangepita bila shida. Habari walikuwa nazo, tumaini hawakuwa nalo. Walipolitaja tumaini, walilitaja kama jambo lililokwisha kupita. Hawakusema, tunatumaini. Walisema kwamba zamani walitumaini. Katika Kiswahili chetu tofauti ni silabi moja tu, lakini silabi ile ndiyo iliyowatoa Yerusalemu.

Tena iko habari nyingine. Kwamba Bwana yu hai, walikuwa wamekwisha kuambiwa asubuhi ile ile. Ni nani waliowaambia? Ni akina mama: Mariamu Magdalene, Yoana, Mariamu mama yake Yakobo, na wenzao. Mstari wa 11 watuonyesha ya kuwa mitume waliyahesabu maneno yao kuwa upuzi. Basi neno la uzima lilikuwamo katika kikundi kile tangu alfajiri, lakini lilitoka katika vinywa ambavyo watu hawakuzoea kuvisikiliza. Je, katika vikundi vyetu si vivyo hivyo? Yupo mtu ambaye akisema wote huandika, na yupo mwingine ambaye akifungua kinywa wote hutazama saa.

Tulipata kuketi na kikundi kimoja katika mtaa wa mashambani, siku ya Alhamisi jioni. Sisi tulikuwa wageni tu siku ile. Fungu lao lilikuwa hili hili la Emau. Mwinjilisti alisoma, kisha akaanza kueleza, na maelezo yake yalikuwa mazuri. Akina baba wawili wakaanza kubishana Emau iko wapi hasa. Karibu na mlango aliketi mzee mmoja wa makamo, kofia mikononi, asiyesema neno. Tuliambiwa baadaye ya kuwa alikuwa amemzika mwanawe miezi michache iliyopita, na ya kuwa tangu mazishi yale hakuja kanisani ila mara moja.

Katikati ya mabishano yale, mama mmoja mkongwe, ambaye hakujaliwa kwenda shule na hajui kusoma, akasema, "Mwinjilisti, ngoja kidogo. Huyu mgeni alikuwa anajua yote, lakini aliwauliza. Mbona sisi hatuulizani?"

Nyumba yote ikanyamaza. Kisha yule mama akamgeukia mtu wa mlangoni, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, na wewe unatembea na nini?"

Yule mzee akakaa kimya kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Tulimwombea mtoto wangu. Nilitumaini atapona." Hakuendelea.

Twamshukuru Mungu kwa ajili ya jambo moja: hakuna aliyemrushia mstari wa Biblia. Hakuna aliyemwambia ya kuwa imani yake ilikuwa haba. Jirani yake alimshika mkono. Baada ya kitambo mwinjilisti akafungua tena kitabu, akasoma fungu lile polepole tangu mwanzo, na safari hii lilisikika kana kwamba limeandikwa jana. Huzuni ya mtu yule haikuisha jioni ile, wala hatutasema iliisha. Lakini alikaa mpaka mwisho, akanywa chai pamoja na wenzake, na Alhamisi iliyofuata akarudi.

Sasa turudi katika sura yetu. Walipokwisha kusema yote, ndipo Bwana alipowakemea kwa kuwa wazito wa kuamini. Naam, aliwakemea. Upendo wa Kristo si upendo wa kumwacha mtu katika kosa lake. Lakini angalieni utaratibu wake. Kwanza aliuliza. Pili alisikiliza. Tatu alikemea. Nne aliwafungulia Maandiko, kuanzia Musa na manabii wote, akionyesha kwamba ilimpasa Kristo kuteswa kabla ya kuingia katika utukufu wake. Wengi wetu huanza na la tatu. Wengine huanza na la nne, wakafungua Maandiko mbele ya watu ambao mioyo yao ingali imefungwa.

Tena hakuwapa mawazo yake tu juu ya shida yao. Aliwapeleka katika Maandiko. Kuna hatari mbili katika kikundi cha kujifunza. Moja ni kuwa darasa, mmoja anafundisha na wengine wanasinzia. Ya pili ni kuwa baraza la mazungumzo, kila mtu anatoa lake, na Biblia imefungwa juu ya meza. Bwana wetu aliikwepa hatari ya kwanza kwa kuuliza, na ya pili kwa kufungua Maandiko.

Baadaye waliambiana jinsi mioyo yao ilivyowaka ndani yao njiani. Moto huo tumeuona katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, Mganda mmoja jina lake Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Mmoja Mwafrika na mmoja mzungu, katika siku za ukoloni ambapo watu wa namna hizo mbili hawakuzoea kuketi kama ndugu. Waliketi siku mbili, wakajifunza Biblia na kuomba pamoja. Wote wawili walikuwa wameona upungufu mkubwa maishani mwao. Miaka iliyofuata, uamsho uliwaka Rwanda na Uganda, na mwaka 1937 ukafika Kenya. Wazee wetu wengi waliokolewa katika uamsho ule, na vikundi vingi vya ushirika tulivyo navyo hata leo ni matawi ya mti ule. Chanzo chake kimoja kilikuwa watu wawili na Biblia zilizofunguliwa.

Basi tufanyeje sisi? Twataka kuwapa mashauri machache, nayo yote yametoka katika fungu hili.

La kwanza, someni fungu kwa sauti, polepole, mara mbili au tatu, kabla mtu ye yote hajaeleza neno. Kama mna Biblia za lugha mbalimbali, Kikikuyu, Kijaluo, Kikamba, Kiswahili, zisomeni zote. Mara nyingi neno lililojificha katika lugha moja hujitokeza katika nyingine.

La pili, kiongozi na aulize kabla ya kueleza. Na asiogope kimya. Mtu mwenye mzigo hauchukui muda mfupi kuutua.

La tatu, mtu asiseme mara ya pili kabla wenzake hawajapata nafasi ya kwanza. Kijana, mjane, yule asiyejua kusoma, yule aliyehamia mtaani juzi, hao wote wapewe nafasi. Kumbukeni wale akina mama wa alfajiri.

La nne, atakayetaja huzuni yake, au dhambi yake, asisikie habari zake sokoni kesho yake. Kikundi kisichotunza siri hakitaambiwa kweli mara ya pili.

La tano, ombeni pamoja, tena mle pamoja, hata kama ni chai kavu tu. Wale wawili hawakumtambua Bwana kwa maelezo yote ya njiani, ingawa mioyo iliwaka. Walimtambua mezani, alipoutwaa mkate, akaubariki, akaumega. Naye aliingia nyumbani mwao kwa sababu walimshurutisha abaki, maana jua lilikuwa likishuka.

Wengine siku hizi, kwa sababu ya kazi za mbali, husomeana fungu moja kwa simu, mmoja akiwa Mombasa na mwingine Kisumu. Ni vema sana. Kanuni ni hizo hizo. Na kama mwenzenu amenyamaza juma la pili na la tatu, msiseme yuko na shughuli. Mtafuteni, mmuulize.

Kuna jambo la mwisho. Walipomtambua, alitoweka mbele ya macho yao. Je, waliketi na kufurahia? La. Waliondoka saa ile ile, wakarudi Yerusalemu, kilomita 11 nyingine, ingawa jioni walimwambia mgeni ya kuwa kumekuchwa. Njia ile ile, miguu ile ile iliyochoka, lakini sasa wanarudi kwa ndugu. Na walipofika, kabla hawajasema lao, walikuta wale kumi na mmoja na wenzao wakisema ya kuwa Bwana amefufuka kweli, naye amemtokea Simoni. Ndipo nao wakaeleza ya njiani. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na vipande vikaunganishwa.

Ndugu msikilizaji, huenda leo wewe ndiwe unayeondoka. Ulitumaini, na sasa hutumaini tena. Umeacha kwenda kanisani, au unakwenda mwili tu. Twataka ujue ya kuwa Bwana huwafuata hata wanaokwenda njia ya kuondoka. Mwambie yote mpaka mwisho, hatakukatiza. Kisha mtafute ndugu mmoja, mfungue Luka 24 pamoja, juma hili hili.

Na wewe unayeketi salama katika Yerusalemu yako, ni nani katika kikundi chako ambaye kiti chake ki wazi? Usingoje mpaka Alhamisi.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyetembea na watu wenye huzuni na kuwauliza habari zao, tembea nasi. Utupe masikio ya kuwasikiliza wale tusiozoea kuwasikiliza. Utufungulie Maandiko, uiwashe mioyo yetu. Uwarudishe nyumbani walio njiani kuondoka, na utufanye sisi kuwa nyumba ya kuwapokea. Kaa nasi jioni hii. Amina.