Mizizi nayo hupumua

Anayelima mboga ndani ya nyumba, kwa maji yenye virutubisho bila udongo, huhangaikia sana mbolea na taa. Naomba leo tutazame kokoto zinazoshikilia mizizi. Chembe laini mno hushika maji mpaka hewa ikakosa pa kukaa. Ng'oa mche uone mizizi ya kahawia, yenye utelezi na harufu ya uozo. Kokoto kubwa mno nazo hukauka upesi, mche mdogo ukakosa pa kushika. Kwa spinachi iliyokwisha kushika, kokoto za udongo wa kuchoma za milimita 8 hadi 16 zinafaa, mradi maji yapite mara kwa mara. Mawe mepesi ya volkeno kutoka Bonde la Ufa yanafaa pia, yakichekechwa. Lakini yaoshwe kwanza, tafadhali: vumbi lake huziba nafasi zilezile za hewa.