Kumfundisha Kijana Kazi na Kumlea: Mafunzo kutoka Kisarawe na Kibaha



Habari za Kanisa katika nchi ya Uzaramo haziwezi kutenganishwa na habari za vijana wasio na pa kushika. Mmisionari Greiner, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1887, alifungua kituo cha misheni katika vilima vya Kisarawe mwaka 1892. Miongoni mwa wakazi wa kwanza wa kituo hicho walikuwamo watu waliokombolewa utumwani, wakiwamo watoto. Watoto hao walikuwa wametengwa na wazazi wao na ukoo wao. Kufunguliwa minyororo kulikuwa mwanzo tu. Walihitaji pia mlezi, shamba la kulima na kazi ya kujifunza.

Upande wa Kibaha, katika Barabara ya Morogoro, haja hiyo ilijibiwa kwa namna nyingine. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika, ikisaidiwa na Denmark, Finland, Norway na Sweden, ilianzisha huko mradi wa kupambana na ujinga, maradhi na umaskini kwa wakati mmoja. Shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya vilijengwa pamoja, na mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Tanzania. Ndilo Shirika la Elimu Kibaha. Tangu mwaka 1975 nchi ilianzisha pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kuiga mfano wa Sweden. Kibaha na Kisarawe zote zina chuo cha namna hiyo, ambamo aliyekosa nafasi shuleni hupata pa kujifunzia kazi ya mikono.

Somo zito zaidi limeletwa na akina mama vijana. Hadi Novemba 2021, msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito hakuruhusiwa kurejea katika shule ya Serikali. Mpango uitwao Elimu Haina Mwisho uliwapokea wasichana wa namna hiyo katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Walifundishwa masomo ya sekondari, ufundi na ujasiriamali, na watoto wao wakatunzwa katika vituo vya malezi humo humo vyuoni. Chumba cha watoto chaweza kuonekana kitu kidogo kando ya karakana. Lakini mama ambaye mwanawe analia mgongoni hawezi kuufuata mstari wa chaki juu ya kitambaa. Akikosa wa kumshikia mtoto, cherehani ya chuo haimfai kitu.

Vijana hawaachi mafunzo kwa sababu moja. Mmoja hana nauli. Mwingine ameachiwa wadogo zake baada ya wazazi kufariki. Yupo anayeona haya kwa kuwa hawezi kusoma vipimo, na yupo aliye kimya kwa sababu hajapata wa kumweleza yaliyompata. Anayewapa wote dawa moja atamponya mmoja na kuwapoteza watatu. Ndiyo maana malezi ya kijana mmoja mmoja si hisani ya ziada. Maana yake ni kuketi naye siku ya kwanza na kuisikiliza hali yake, kumpa mlezi anayemfahamu, na kumfuata nyumbani anapokosekana, kabla kiti chake hakijapewa mwingine.

Wala kazi haiishi siku ya kupewa cheti. Seremala asiye na randa na msumeno hurudi alikotoka, safari hii akiwa na aibu zaidi, kwa kuwa watu walimtegemea. Hapo ndipo Usharika unapohitajika. Msharika mwenye karakana aweza kumpokea mwanafunzi kwa miezi michache. Wanawake wa Usharika waweza kumshikia mama kijana mtoto wake saa za masomo. Wazee wa Kanisa waweza kumdhamini apate vifaa vya kuanzia.

Watoto wa Kisarawe ya mwaka 1892 walipokewa kabla hawajawa na chochote cha kutoa. Usharika unapoingia karne yake ya pili, kila mzee na aanze katika mtaa wake kwa kulijua jina la kijana mmoja, na nyumba anayolala.

Mungu aubariki Usharika na vijana wake.